Bure, Huria na Biti Iliyovunjika

Juu ya meza ya karakana kulikuwa na vitu vitatu: bamba la alumini lenye mkwaruzo mrefu, kidonge cha duara chenye kipenyo cha milimita 30, na nusu ya biti ya milimita 6. Nusu ya pili iliruka, na mpaka leo haijaonekana.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Mteja mwenye pampu ya kumwagilia shamba alileta Gerezani, Dar es Salaam, kishikio kilichopasuka, akataka vitatu vipya ili viwili awe navyo akiba. Ni bamba tu: urefu milimita 120, upana 80, unene 10, matobo manne ya bolti za M8 kwenye kona na tobo moja kubwa la 42 katikati. Mzee wa karakana angelipiga mstari, akalitoboa, akamalizia tobo kubwa kwenye mashine ya kukereza. Kijana akaomba alifanye kwa mashine mpya, ile ndogo ya kuchonga inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta. Akaruhusiwa. Baada ya dakika chache ukasikika ule mlio ambao kila fundi anaujua na hakuna anayeupenda.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Je, programu za bure anazozisifu kijana zinafaa kazi ya watu, au ni za kuchezea? Nilikuwepo, nikaandika. Majina nimeyaacha, matusi nimeyapunguza.

MZEE: Nilisema mapema. Anayekupa kitu cha bure anakupa na hasara yake.

KIJANA: Mzee, programu haikukosea. Njoo uone kwenye kioo. Tobo liko katikati, kina kiko sawa. Hata nilipoijaribu kazi kwenye CAMotics kabla ya kuwasha mashine, bamba lilitoka safi.

MZEE: Kwenye kioo alumini haitetemeki, mwanangu. Hebu nijibu. Biti yako ina unene wa sita. Ili tobo liwe 42, katikati ya biti inazunguka umbali gani kutoka kitovu?

KIJANA: Kumi na nane.

MZEE: Biti inakula tatu upande wa nje, tatu upande wa ndani. Ndani kinabaki nini?

KIJANA: Kidonge cha thelathini.

MZEE: Na biti ikishafika chini kabisa, kidonge hicho kimeshikwa na nani?

Kijana alinyamaza. Kidonge kilikuwa mbele yake, pembeni kina jino lililong'ofolewa pale kilipoachia, kikageuka na kuibana biti ukutani mwa tobo. Programu ya kuigiza kazi huondoa kila mahali biti inapopita na kukuonyesha kilichobaki. Haijui kwamba kilichobaki kimeanza kucheza. Na niseme wazi, kwa sababu Mzee hakulisema: programu ya mamilioni nayo ingechora njia ileile iwapo mtu hajaiagiza iache vidaraja vya kukishika kidonge. FreeCAD, aliyoitumia kijana, ina mahali pa kuweka vidaraja hivyo. Alipapita kwa haraka.

Mlango wa pili kuna jirani anayetengeneza kompyuta. Ugomvi wa watu humvuta kama harufu ya mishikaki.

JIRANI: Nawaambieni kila siku, acheni vitu vya kubahatisha. Nina flashi hapa, ina programu zote wanazotumia viwanda vya Ulaya. Nakuwekea, na kufuli yake nakuvunjia.

MAMA (mwenye karakana): Wewe ndiye uliyetuwekea ile ya hesabu mwaka juzi, ikaja na virusi vikala orodha nzima ya wadeni. Mpaka leo kuna watu wanapita hapa wananisalimia kwa furaha, nami siwezi hata kuwauliza kwa nini wamefurahi. La wizi silitaki humu.

JIRANI: Basi hata bila wizi, Mama. Fusion ya Autodesk ipo ya bure, halali kabisa.

KIJANA: Hiyo nimeitumia chuoni, na sitasema uongo, ni tamu. Mchoro na njia ya biti viko sehemu moja na mambo yanakwenda. Ila ile ya bure ni ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na wameweka mpaka wa mapato ya chini ya dola 1,000 kwa mwaka. Mama, hapa tunauza. Halafu kuna ya mwaka 2020. Ilipofika Oktoba, masharti ya hao wa bure yakabadilishwa. Michoro unayoweza kuihariri kwa wakati mmoja ikawa kumi. Ule mwendo wa kasi, biti ikiwa juu hewani inahamia tobo lingine, ukaondolewa, ikawa inajikokota hewani kwa mwendo wa kukatia chuma. Walikusudia hata kuzuia kutoa faili la STEP, lile ambalo programu nyingine zinalisoma, watu wakapiga kelele, wakaghairi.

MZEE: Yaani mtu kanunua nyundo jana, leo wamemkatia mpini.

KIJANA: Hakununua, Mzee. Ndiyo shida yenyewe.

MZEE: Mtegemea cha nduguye...

Hakuimalizia, na hakukuwa na haja. Nami nikaona niingie, kwa sababu tangu asubuhi tulikuwa tunatumia neno moja kwa vitu viwili. Waingereza wana udhuru: katika lugha yao neno la kisichouzwa na neno la kilicho huru ni hilohilo moja, na tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983 watu wake wamekuwa wakijieleza bila kuchoka. Sisi tunayo mawili. Bure ni kitu ambacho hukulipia, na kwa bahati nzuri lugha yetu imelipa neno hilo maana ya pili: umehangaika bure, yaani hukupata kitu. Huria ni kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukukataza kukitumia, kukifungua, kukirekebisha na kumpa mwenzako. Fusion ya matumizi binafsi ni ya bure. FreeCAD ni huria. Bei yake leo inalingana, sifuri kwa sifuri, lakini mmoja wa wenye nyumba anaweza kukuandikia barua ya kuhama na mwingine hana uwezo huo hata akitaka.

Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa OpenOffice ilikuwa huria, kwa hiyo hakuna aliyehitajika kubisha hodi kwa mwenye mali.

JIRANI: Maneno matamu, mwandishi. Lakini hiyo FreeCAD yenyewe inaganda. Nimeiona. Kijana wenu amekaa mbele yake analia.

Hapo jirani alipiga penye kidonda, na kwa kuwa watetezi wa programu huria wana tabia ya kuliruka jambo hili, nilimwomba kijana alieleze polepole.

KIJANA: Ni kweli. Sikiliza, Mzee. Unachora bamba, kisha unasema, "kwenye uso ule wa juu weka tobo, kwenye ukingo ule viringisha kona." Wewe unaona uso wa juu. Programu ndani yake imeuita Face6, na ukingo ni Edge12. Majina ya namba. Sasa rudi nyuma, ongeza mfereji mmoja mwanzoni mwa mchoro. Nyuso zimeongezeka, namba zimepangwa upya, na aliyekuwa Face6 sasa ni mwingine. Tobo lako linahamia ubavuni, kona inaviringika mahali pengine, au mchoro mzima unapiga kelele nyekundu.

MZEE: Kama kumpa mtu maelekezo ya mtaani: nyumba ya sita kutoka kona. Halafu mtu kajenga kibanda katikati.

KIJANA: Hivyohivyo! FreeCAD ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002, na toleo lililopewa namba 1.0 limetoka Novemba 2024. Miongoni mwa mambo yaliyosubiriwa ni hilo la majina.

MAMA: Miaka ishirini na mbili? Huyo mtoto alichelewa kutambaa.

KIJANA: Alichelewa, Mama. Hata sasa ugonjwa umepungua, haujaisha. Mimi nimejifunza kufunga matobo yangu kwenye vipimo vya mwanzo, siyo kwenye uso uliozaliwa baadaye.

Nampa alama kijana kwa jibu hili. Ni la fundi anayejua jiliwa lake lina meno yaliyolika upande wa kushoto, naye anafunga kazi upande wa kulia. Programu yoyote ina upande wake wa kushoto. Swali ni kama utaambiwa.

Kisha Mzee akageuza meza. Alikuwa ameinama juu ya kompyuta, akisoma mistari ambayo FreeCAD ilikuwa imeitoa kwa ajili ya mashine.

MZEE: Haya ndiyo maneno yanayopelekwa kwenye mashine?

KIJANA: Ndiyo. Inaitwa jii-kodi.

MZEE: Kodi tena, na mwezi haujaisha?

KIJANA: Msimbo wa G, Mzee. G21 ni kwamba tunasema milimita. Ukikosea ukaweka G20, ni inchi, na kila kipimo kinakuwa mara 25.4. G0 ni kimbia, G1 ni kata kwa mstari mnyoofu, G3 ni zunguka kinyume cha saa. Wazo ni la zamani. Mashine ya kwanza ya kuchonga kwa namba ilionyeshwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, ikisoma utepe wenye matundu.

MZEE: Sasa mbona unachora? Kitovu cha bamba ni 60 kwa 40. Andika tu.

Akaamuru, kijana akabonyeza, katika programu ya kawaida ya kuandikia maandishi ambayo kila kompyuta inayo:

G21 G90
G0 Z5
G0 X78 Y40
G1 Z-0.5 F100
G3 X78 Y40 I-18 J0 F600

Mistari miwili ya mwisho inarudiwa, kila mara biti ikishuka nusu milimita. Hiyo 600 Mzee aliipata kichwani: biti ina meno mawili, inazunguka mara 10,000 kwa dakika, kila jino linyofoe milimita 0.03. Akamwagiza aishie kina cha 9.5, mizunguko 19, chini ya dakika nne za kukata kwa kila bamba, na ibaki ngozi ya nusu milimita. Kidonge kitagongwa kwa mkono, tupa itamaliza. Hakuna cha kuachia, hakuna cha kubana.

KIJANA: Sawa, lakini kesho anakuja mwenye pampu ya 45. Kwenye mchoro wangu nabadilisha namba moja tu, kila kitu kinafuata.

MZEE: Kwangu 18 inakuwa 19.5, na 78 inakuwa 79.5. Namba mbili.

KIJANA: Na biti ya sita ikiwa ndiyo hiyo imeruka, imebaki ya tano?

MZEE: Ishirini kamili. Endelea.

KIJANA: Na akitaka kona zilizoviringwa, na mfereji wa kukalia mpira wa kuzuia maji, na upande mmoja uinuke kwa mteremko?

MZEE: Hapo nitakuita.

Watu walicheka, lakini mpaka ulikuwa umechorwa, na kwa maoni yangu umechorwa panapostahili. Sehemu kubwa ya vipande vinavyoletwa kwenye karakana zetu ni mabamba yenye matobo. Kwa hivyo unahitaji penseli, hesabu ya darasa la saba na faili la maandishi. Anayetaka picha kidogo achore kwenye Inkscape, ambayo ndani yake kuna Gcodetools ya kugeuza mstari kuwa njia ya biti. Mwenye kupenda kuandika kuliko kuvuta kipanya ajaribu OpenSCAD, na mwenye kompyuta dhaifu afungue SolveSpace, ndogo na nyepesi hata kwa laptopu iliyochoka. FreeCAD iingie pale umbo linapokuwa na mgongo na tumbo, au mchoro utakaporudiwa na kubadilishwa mara nyingi. Kuianzisha kwa tobo moja ni kuita kreni kuinua ndoo.

Mama alikuwa na swali lake, na lilikuwa zito kuliko yetu sote.

MAMA: Mimi sielewi Face wala G. Nataka kujua kikiharibika nampigia nani. Mashine ya kukereza ikigoma, namjua fundi wake. Hiki?

KIJANA: Hakuna wa kumpigia, Mama. Sikufichi. Wiki ya kwanza nilipeleka kazi ya kutoboa, mashine ikakataa, ikaandika error:20 ikasimama. Nilikesha siku mbili. Kumbe FreeCAD ilikuwa imetoa G81, amri moja inayofanya kazi yote ya kutoboa tobo: shuka, panda, nenda linalofuata. Na Grbl haijui G81.

MAMA: Grbl ndiyo nani sasa?

KIJANA: Ni programu iliyo ndani ya kile kibao cha mashine. Aliianza Simen Svale Skogsrud wa Norwei mwaka 2009, nayo ni huria. Yote inaenea kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja ya simu yako inaweza kuizidi mara mia. Kwa udogo huo lazima iache baadhi ya mambo, na G81 ni mojawapo. Dawa ni kumwambia mtafsiri wa FreeCAD aivunje amri hiyo iwe hatua za kawaida. Chaguo lipo, na lilikuwa limeandikwa. Mimi ndiye sikuwa nimelisoma.

MAMA: Siku mbili nilikulipa?

KIJANA: Ulinilipa.

MAMA: Basi si ya bure.

Hilo ndilo lililopungua katika hotuba yangu ya bure na huria, na nalikubali bila kupapasa. Programu huria hailipiwi fedha, inalipiwa usiku. Tofauti ni kwamba usiku ule ulibaki karakanani. Kijana sasa anajua G81 ni nini, na Mzee, aliyesikia habari hiyo mara moja tu, anajua pia. Wangekuwa wamekesha kutafuta kitufe kilichohamishwa na kampuni, wangejua kitufe kilipo mpaka kitakapohamishwa tena.

JIRANI: Na mashine kubwa, je? Kuna mtu ana milingi ya zamani kule nyuma, anataka kuifunga mota.

KIJANA: Kuna LinuxCNC. Ilianzia taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, miaka ya 1990, ikatolewa kwa watu wote. Inafaa sana kwa kompyuta ya mezani ya zamani, ile yenye tundu la printa la pini 25. Wewe si unazo zimejaa vumbi?

Jirani alikuwa ameingia kuuza programu za wizi. Alitoka akihesabu kompyuta zake za zamani.

Hukumu yangu naitoa kabla ya ya Mama, kwa sababu ya kwake ndiyo inayotekelezwa. Usichague programu ya kuchongea kwa uzuri wa picha, wala kwa orodha ya mambo inayoweza. Chukua kipande kimoja unachokitengeneza kila wiki, ukipeleke mwanzo hadi mwisho: mchoro, njia ya biti, mashine, vernia. Halafu jiulize kama faili la kazi hiyo utaweza kulifungua miaka mitano ijayo, kwenye kompyuta nyingine, bando likiwa limekwisha. Faili la FreeCAD ukilifungua kama faili la zip unayakuta mambo yake ndani. Msimbo wa G ni maandishi matupu, fundi anausoma kwa macho, kama Mzee alivyousoma. Penye jibu la ndiyo, kaa hapo, na uvumilie upande wa kushoto wa jiliwa.

Mama alisimama, akafuta meza kwa kitambaa, akakitia kidonge mfukoni.

MAMA: Sikilizeni. Bamba lenye matobo tu, Mzee anaandika, kijana anabonyeza. Lenye mteremko, kijana anachora, Mzee anakagua kabla mashine haijawashwa. Kila kosa mlilolikesha linaandikwa kwenye daftari hili, kwa Kiswahili, siyo hizo Face zenu. Mafaili yawekwe kwenye flashi mbili, moja naondoka nayo. Biti ya leo nanunua mimi. Ya pili mtachangia wenyewe.

Mabamba matatu ya mteja yalitoka saa kumi na nusu jioni. Tobo lilipimwa kwa vernia, bolti zikaingia. Kona moja ilikuwa kali, Mzee akaipitisha tupa.